Kuingilia na kuingilia kati: kisa cha Somalia

Ukimwambia mtu kwamba anaingilia mambo yako, umemkanya. Ukimwambia kwamba jana alipoingilia kati wewe na jirani yako hamkuumizana, umemshukuru. Kitenzi ni kilekile: ingia, kikapachikwa kiambishi cha kauli ya kutendea, kikawa ingilia. Kinachoyatenga matumizi hayo mawili ni kielezi kimoja cha herufi nne: kati. Anayeingilia ameingia pasipo pake. Anayeingilia kati amesimama baina ya watu wawili, mara nyingi kwa hatari ya kupigwa na wote wawili.

Nimekuwa nikiliwaza jambo hili tangu mwanafunzi wangu mmoja aandike katika insha yake kwamba ulimwengu uliipelekea Somalia chakula mwaka 1992, nayo Somalia ikaulipa kwa risasi mwaka 1993. Akahitimisha kwa methali: shukrani ya punda ni mateke. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, nikampa alama zake za lugha. Kuhusu historia nilimwita tukazungumza. Maana hayo aliyoyaandika si yake peke yake. Utayasikia kwenye matatu, na utayasikia katika mabunge ya nchi tajiri kila bajeti ya misaada inapokatwa: ati wako watu wasiosaidika, na shahidi mkuu ni Somalia. Hebu basi tukisome upya kisa chenyewe, hatua kwa hatua, tuone kama kweli kinasema hivyo.

Mnamo Januari 1991 Rais Mohamed Siad Barre, aliyetwaa madaraka kwa mapinduzi mwaka 1969, alikimbia Mogadishu. Waliomtimua hawakuafikiana nani ashike usukani. Kufikia Novemba mwaka huo Jenerali Mohamed Farah Aidid na Ali Mahdi Mohamed, waliokuwa katika chama kimoja cha waasi, walikuwa wakirushiana makombora ndani ya jiji. Serikali haikuwa dhaifu, haikuwapo kabisa. Hapakuwa na polisi, hapakuwa na benki, hapakuwa hata na ofisi ya kupokea barua.

Njaa iliyofuata haikuwapiga wote sawasawa. Iliwaua zaidi wakulima wa eneo lililo baina ya mito Juba na Shabelle, ambalo ndilo ghala la nafaka la nchi. Majeshi ya Barre na ya wapinzani wake yalipita huko yakienda na kurudi, na kila yalipopita yalibeba mtama na mifugo. Mji wa Baidoa ukaitwa mji wa kifo. Ukame ulichangia, sikatai, lakini ile ilikuwa kwanza njaa ya uporaji. Aliyekufa njaa Baidoa alikuwa amelima, alichovuna kilichukuliwa.

Sisi Wakenya tulikuwa karibu mno kusingizia kwamba hatukuona. Kambi za Dadaab zilianzishwa mwaka 1991 zikikusudiwa watu 90,000. Miaka ishirini baadaye zilihifadhi zaidi ya 400,000. Mombasa nako walishuka wakimbizi kutoka pwani ya Benadir. Miongoni mwao walikuwamo Wabarawa, wasemaji wa Chimwiini, lahaja ya Kiswahili iliyo kaskazini kuliko zote. Hao hawakuwa na jeshi wala ukoo wenye jeshi wa kuwakinga. Waliporwa, na walioweza kupanda chombo walipanda. Leo mtafiti wa Chimwiini huenda akampata msemaji wa lahaja hiyo Mombasa, Uingereza au Marekani kwa urahisi kuliko Barawa kwenyewe. Ndiyo maana naamini kisa hiki kina haki ya kusimuliwa katika safu ya lugha.

Sasa tuje kwenye msaada. Ulianza zamani kabla ya majeshi ya kigeni. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu ya Somalia hazikungoja amani. Tatizo lao lilikuwa kwamba nafaka kavu ilikuwa kama fedha taslimu: gunia likishushwa bandarini, huenda limekwishanunua risasi kabla ya kufika kijijini. Jibu lililopatikana lilikuwa jepesi: pika. Uji ukishaiva hauwekeki ghalani wala hauuziki mbali, na mwenye bunduki hana faida kubwa ya kuupora. Yakafunguliwa majiko ya jumuiya. Yalipofikia kilele mwaka 1992 yalikuwa takriban 900, yakilisha watu zaidi ya milioni moja kila siku, na wapishi walikuwa Wasomali wenyewe, mitaani mwao.

Hata hivyo msaada huo haukuwa malaika. Mashirika yalilazimika kukodi walinzi wenye silaha, na Msalaba Mwekundu wenyewe ukafanya hivyo kinyume cha desturi yake. Zile pikapu zenye bunduki kubwa nyuma zikaitwa teknikali. Maelezo yanayotajwa sana ni kwamba katika vitabu vya hesabu malipo ya walinzi hao yaliandikwa kuwa ni msaada wa kiufundi. Iwe ndivyo jina lilivyozaliwa au sivyo, hali yenyewe ilijulikana: sehemu ya fedha za msaada iliwalipa watu ambao wenzao ndio waliokuwa wakiupora. Neno safi lilivikwa jambo chafu, na nadhani wanaopenda lugha ndio wa kwanza wanaopaswa kushtuka neno linapovikwa nguo hivyo.

Umoja wa Mataifa nao ulijikokota. Mjumbe wake, mwanadiplomasia wa Algeria Mohamed Sahnoun, aliteuliwa Aprili 1992, akafanya kazi ambayo haina picha nzuri kwenye runinga: kuketi na wazee wa koo na kuwasikiliza. Baada ya majadiliano marefu Aidid alikubali askari 500 wa Pakistan waje kulinda misaada. Kabla hata hao hawajafika, New York ikatangaza kwamba wataongezwa wengine 3,000. Sahnoun hakushauriwa, na wazee aliokuwa akizungumza nao hawakuulizwa. Imani aliyoijenga kwa miezi ikayeyuka. Oktoba akajiuzulu, baada ya kuukosoa Umoja huo hadharani.

Agosti mwaka huohuo ndege za kijeshi za Marekani zilikuwa zimeanza kusafirisha chakula kutoka Mombasa. Kisha Desemba 3 Baraza la Usalama likapitisha Azimio 794, na Desemba 9, 1992, wanajeshi wa Marekani wakatua ufuoni Mogadishu usiku. Hawakupokewa kwa risasi. Walipokewa kwa taa za kamera za wanahabari. Operesheni ikaitwa Restore Hope, yaani kurejesha matumaini, na ikakusanya takriban askari 37,000 kutoka nchi nyingi.

Je, ilifaulu? Kwa lengo lililoandikwa, ndiyo. Ilitumwa kufungua njia za chakula, na njia zilifunguka. Misafara ilifika Baidoa na Bardera. Kule Baidoa kikosi cha Australia kilipiga doria kwa miguu, kikawasaidia wenyeji kurudisha polisi wao na mahakama yao. Katika miezi hiyo neno kati lilikuwa mahali pake. Askari alisimama baina ya gunia na mporaji, na kila Msomali aliona kwamba ndiyo kazi yake.

Lakini hesabu inatutahadharisha. Makadirio yaliyotolewa na watafiti mwaka 1994 yalisema waliokufa ni zaidi ya laki mbili, na wengi wao walikuwa wamekwisha kufa kabla ya Desemba. Waliookolewa na misaada kwa jumla walikadiriwa kuwa kama laki moja. Kati yao, waliookolewa baada ya majeshi kutua ni kati ya 10,000 na 25,000. Maisha ya watu 10,000 si kitu cha kubeza. Mama aliyebaki na mwanawe hahesabu asilimia. Hata hivyo tusifiche ukweli: sufuria iliokoa wengi kuliko kifaru, na ingeokoa wengi zaidi kama ingefika mapema.

Mambo yaligeuka mwaka 1993. Mei 4 Marekani ilikabidhi kazi kwa Umoja wa Mataifa, na kazi yenyewe haikuwa ileile. Azimio 814 liliwataka askari wapya wawapokonye wanamgambo silaha, wasaidie kujenga upya polisi, mahakama na siasa, katika nchi nzima. Jeshi likapungua nguvu huku mzigo ukiongezwa. Na serikali inapojengwa, ni lazima pawe na atakayepata na atakayekosa. Aidid aliona kwamba ni yeye atakayekosa.

Juni 5 askari wa Pakistan walikwenda kukagua maghala ya silaha za Aidid, mojawapo likiwa mahali pa kituo chake cha redio. Wafuasi wake waliamini kwamba redio inakuja kunyakuliwa. Siku hiyo askari 24 wa Pakistan waliuawa, baadhi yao wakiwa kwenye kituo cha kugawia chakula. Ulikuwa unyama, na sitauremba. Kesho yake Baraza la Usalama likapitisha Azimio 837 la kuwatia mbaroni waliohusika, na mwezi huohuo ikatangazwa zawadi ya dola 25,000 kwa atakayewezesha Aidid akamatwe.

Hapo ndipo kati ilipodondoka, kikabaki kitenzi kitupu. Aliyekuja kusimama baina ya watu alikuwa sasa anamwinda mmoja wao, na jeshi lililotumwa kwa ajili ya chakula likawa ukoo mwingine wenye silaha jijini, tena wenye helikopta.

Julai 12 helikopta za Marekani zilirusha makombora kwenye nyumba ambamo wazee na viongozi wa ukoo wa Aidid walikuwa wamekutana. Umoja wa Mataifa ulisema ni kituo cha makamanda. Wasomali walisema wengi wa waliokuwamo walikuwa wakijadili jinsi ya kupata suluhu. Msalaba Mwekundu ulihesabu waliokufa 54. Wanahabari waliokimbilia hapo kupiga picha walivamiwa na umati uliojaa hasira, na wanne wakauawa: Dan Eldon, aliyekulia Nairobi, Hansi Krauss, Mjerumani, na Wakenya wawili, Hos Maina na Anthony Macharia. Walikuwa wamekwenda kuuonyesha ulimwengu yaliyowapata watu haohao waliowaua. Ningependa majina ya Maina na Macharia yatajwe shuleni kwetu kila vita vya Somalia vinapofundishwa.

Kisha ikaja Oktoba 3. Helikopta mbili ziliangushwa jijini, askari 18 wa Marekani wakafa katika mapigano ya usiku kucha, na maiti ya mmoja wao ikaburutwa barabarani mbele ya kamera. Wasomali waliokufa walikuwa mamia. Hadi leo hakuna hesabu inayokubaliwa na wote. Filamu ya Black Hawk Down ya mwaka 2001 ikaupeleka usiku ule kila pembe ya dunia.

Sasa turudi kwenye methali. Ukianza kusimulia kisa hiki Oktoba, ni kweli punda amepiga teke. Ukianza Julai, utaona kwamba punda alipigwa kwanza. Ukianza Juni, utaona kwamba alipigwa kwa kuwa alikuwa amepiga. Na ukirudi nyuma zaidi, utagundua kwamba waliopewa uji na waliofyatua bunduki hawakuwa watu wale wale. Mkulima wa Baidoa hakuangusha helikopta yoyote Mogadishu. Methali ni kitu kitamu, lakini hulimeza taifa zima kuwa mnyama mmoja, na katika historia hilo ni kosa ambalo gharama yake hulipwa na watu wengine.

Gharama hiyo ililipwa Rwanda. Marekani ilitangaza kwamba ingeondoka Somalia kufikia Machi 1994. Aprili mauaji ya kimbari yakaanza Kigali. Walinda amani kumi wa Ubelgiji wakauawa tarehe 7, na Ubelgiji ikaondoa kikosi chake. Aprili 21 Baraza la Usalama lilipunguza walinda amani walioko Rwanda hadi 270, wakati watu walikuwa wakikatwakatwa barabarani. Wakubwa walikuwa wameyaona ya Mogadishu, wakahitimisha kwamba Waafrika wakipigana ni heri mtu akae mbali. Funzo lililosomwa vibaya liliua zaidi ya jeshi lolote la Aidid.

Hapa msomaji makini atanikamata. Atasema: bwana, hiyo kati unayoisifu ndiyo iliyoiangamiza Rwanda. Walinda amani walikuwa kati, hawakutaka kupendelea upande. Hoja hiyo ni ya haki. Kielezi kati hakikamiliki peke yake. Lazima useme kati ya nani na nani. Kusimama kati ya majeshi mawili ni jambo moja. Kusimama kati ya panga na shingo ni jambo lingine, na huko hakuna kutopendelea.

Sierra Leone inaonyesha tofauti hiyo. Mei 2000 waasi wa RUF waliwateka walinda amani wapatao 500 wa Umoja wa Mataifa, na jiji la Freetown likawa hatarini. Uingereza ilituma askari wake, nao hawakujifanya hawana upande. Walikuwa na serikali iliyochaguliwa, iliyowataka waje. Walilinda uwanja wa ndege, wakalifunza jeshi la nchi, na Umoja wa Mataifa ukaongezewa nguvu. Januari 2002 vita vilitangazwa kwisha. Kazi ilijulikana, mwenyeji alijulikana, na raia wa Freetown waliochoka na vita walijua wageni wanafanya nini.

Na upo mfano mwingine ambao haukupata kamera hata moja ya maana. Wakati Mogadishu inaungua, kaskazini mwa Somalia wazee wa koo walikutana katika mji wa Borama kuanzia Januari hadi Mei 1993. Walibishana kwa miezi minne na zaidi kuhusu malisho, visima, fidia ya damu na mgao wa madaraka. Gharama kubwa ilibebwa na wenyeji na jamaa zao walio ng'ambo. Msaada wa nje ulikuwa kidogo sana. Mwishoni walimchagua Mohamed Haji Ibrahim Egal kuwa rais wa Somaliland. Utambuzi wa kimataifa ni mjadala mwingine, na huko nako damu imemwagika tangu wakati huo. Lakini mwaka ule ule ambao majeshi ya kigeni yalishindwa kuunda serikali kusini, wazee wenye mikeka na chai waliiunda kaskazini. Mgeni anaweza kufungua barabara. Kuamua nani awe jirani wa nani ni kazi ya majirani.

Baada ya hapo Somalia imetufunza mara ya pili, na safari hii Kenya ilikuwa ndani. Tahadhari za njaa zilianza kutolewa mwaka 2010. Fedha zilikuja kwa mkono mzito. Al-Shabaab iliyafukuza mashirika mengi, na mashirika mengine yaliogopa kwamba chakula kikiangukia mikononi mwa kundi hilo yatashtakiwa kwa sheria za Marekani dhidi ya ugaidi. Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa Julai 20, 2011. Utafiti wa baadaye ulikadiria kwamba watu wapatao 258,000 walikufa, nusu yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Ukame mkubwa uliporudi mwaka 2017, fedha zilitolewa mapema, nyingine zikitumwa moja kwa moja kwa familia kupitia simu, na baa la njaa likaepukika. Watu ni walewale, na mvua ilikataa vilevile. Kilichobadilika ni tarehe ya msaada kufika.

Oktoba 2011 jeshi la Kenya lilivuka mpaka katika Operesheni Linda Nchi. Angalau jina hilo lilikuwa na ukweli: halikudai kurejesha matumaini ya mtu, lilisema tunalinda yetu. Mwaka uliofuata vikosi vyetu viliingizwa katika kikosi cha Umoja wa Afrika, na Kismayu ikatwaliwa kutoka kwa Al-Shabaab. Januari 2016 tukapoteza askari wengi El Adde. Faida na hasara yake bado haijajumlishwa hadharani kama inavyostahili. Kisha Juni 25, 2024, polisi wetu wakatua Haiti wakiongoza kikosi kilichopangiwa watu 2,500, idadi ambayo hakikuikaribia. Walikuta nchi ambayo walinda amani waliotangulia waliiletea kipindupindu mwaka 2010, kikaua karibu watu 10,000. Mwenyeji wa namna hiyo akimtazama mgeni kwa jicho la shaka, tusikimbilie kumwita punda.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 240, inataka Bunge liidhinishe kabla majeshi hayajapelekwa nje ya nchi. Basi siku wabunge watakapoombwa idhini nyingine, wasiulize gharama peke yake. Waulize: tunaingia kati ya nani na nani? Nani huko ametuita, na yeye huitwa nani na watu wake? Kazi itakuwa imekwisha lini, nasi tutaijuaje? Kama hakuna anayeweza kujibu kwa Kiswahili cha kawaida, pasipo maneno yaliyovikwa nguo, vijana wetu wabaki nyumbani hadi majibu yapatikane.